Pombe ya Boga ya Mama

Hasira yangu ilianza kwa sentensi moja ya Kiswidi. Tulikuwa Farsta, nyumbani kwa dada yangu, tunapanga ibada ya kumkumbuka mama, kwa sababu mwaka ulikuwa unatimia tangu afariki. Binti wa dada, mtu mzima mwenye kazi yake, alikuwa anapanga picha za kuonyesha ukutani siku hiyo. Akauliza bila kuinua macho: "Mormor var väl bonde?" Bibi alikuwa mkulima, si ndiyo? Kabla sijafungua mdomo dada akamjibu, "Ndiyo, mkulima."

Mkulima! Mama yetu hakuwa na shamba la kutosha kuzika paka. Alikuwa mpika pombe. Pombe ya mtama, katika mji mdogo wa Singida, uani kwetu, kwenye mapipa mawili meusi kwa masizi. Walimu waliinywa, mafundi waliinywa, na karani wa mahakama aliinywa kisha akafuta mdomo na kwenda kuandika hukumu za walevi. Sisi wawili tulisoma kwa pombe hiyo mpaka tukafika Ulaya, na leo bibi ni mkulima.

Nilisubiri binti atoke sebuleni, nikamgeukia dada.

"Kwa nini unamdanganya mtoto?"

"Si kila kitu kinasemwa mbele ya watu wa Mungu, mdogo wangu."

Dada ameokoka. Ni kiongozi wa akina mama kwenye ushirika wao, na akishasema "watu wa Mungu" ujue mazungumzo yameisha. Mimi sikuyamaliza. Nilimwambia kwamba siku ya ibada nitaleta pombe, nitakayoipika mwenyewe, na atakayeuliza imetoka wapi nitamweleza habari za mama tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema nikileta pombe, yeye na kundi lake hawaji. Nikamwambia wasije.

Nilipanda treni kurudi kwangu Skärholmen huku nikiongea peke yangu. Mzungu mmoja alihama kiti.

Pombe niliyotaka ni ile ya boga. Miaka ya njaa mtama ulipoadimika, mama alichemsha maboga, akayaponda, akayachanganya na kimea kidogo alichokuwa nacho, na wateja wakaipenda kuliko ile ya kawaida. Ilikuwa Oktoba, na kwenye uwanja wa Skärholmen wauza mboga walikuwa wamerundika maboga ya kila rangi. Nilinunua mawili makubwa, nikayachoma kwenye oveni, nikayaponda. Kimea na hamira nilivipata kwenye duka la watu wanaojipikia bia nyumbani. Muuzaji, kijana wa ndevu nyingi, aliponiona nimeshika kimea akauliza kama napika bia ya boga, maana ndio msimu wake. Kisha akaniletea pakiti ya viungo vilivyokwisha kusagwa: mdalasini, kungumanga, karafuu, na vanila juu yake. Alisema wote wanatumia hiyo.

Nilinunua, Mungu anisamehe. Nyumbani nilifungua pakiti, na jikoni kukanuka keki ya sikukuu. Nilikasirika upya. Nani alisema boga lazima lipakwe sukari na mdalasini kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha?

Basi nikaamua kuchagua viungo mwenyewe, kimoja kimoja. Bia ilipokwisha kuchachuka na kutulia, nikachukua vikombe vidogo, nikaloweka kila kiungo peke yake kwenye vodka: tangawizi, iliki, mdalasini, pilipili manga, kungumanga na karafuu. Baada ya siku chache nilipanga glasi mezani, nikamimina bia kidogo katika kila moja na kudondosha matone. Njia hii ni nzuri, maana ukikosea umeharibu glasi tu.

Iliki ilinipeleka kwenye chai. Mdalasini ulinirudisha kwenye ile keki. Pilipili manga haikuwa mbaya, ilichoma koo kidogo mwishoni. Kungumanga sitaki hata kuizungumzia. Lakini nilikuwa na hakika na kitu kimoja: karafuu. Nilipokuwa darasa la pili mama alikuja shuleni, akainama kunifunga kifungo cha kola, na pumzi yake ilinukia karafuu. Kanisani vilevile, nikimlalia begani. Mtu anayeshinda kwenye pombe anukie karafuu, zingetoka wapi kama si kwenye pombe? Nikaongeza matone. Haikuwa yenyewe. Nikaongeza tena.

Nilimwita jirani yangu, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, aje aonje. Alikunywa, akafumba macho, akaweka glasi chini kwa heshima kubwa.

"Mama, hii ni parfum. Pombe iko wapi?"

"Onja tena, mzee."

"Hapana, mama. Meno yangu haiko na shida."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimfungulia mlango aende zake. Sikuwa na moyo wa utani, kwa sababu siku ya ibada ilikuwa imekaribia na mama hakuwamo katika hata glasi moja.

Jumamosi yake dada alikuja bila kupiga simu. Hakuvua koti wala hakukaa. Alisema akina mama wamekubaliana, nimwage ile pombe, na wao wataleta juisi na maandazi. Niliendelea kufuta meza. Akawa anaongea, na huku pua yake inafanya kazi, nikaiona. Akachukua glasi moja, akainusa.

"Hii umetia nini?"

"Karafuu. Kama mama."

"Nani kakwambia mama alitia karafuu?"

"Nakumbuka. Alikuwa ananukia."

Dada aliweka glasi chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa nachuja ile pombe, wewe ulikuwa unacheza na machicha. Ilikuwa boga na tangawizi, basi. Karafuu alikuwa anatafuna."

"Anatafuna kwa nini?"

Alitazama dirishani kwanza. "Ilibidi aonje pombe tangu asubuhi, mdomo ukawa unanuka. Alikuja shuleni kwetu, wenzangu wakacheka. Nikamwambia kama hawezi kuondoa ile harufu asije tena. Kesho yake alinunua karafuu."

Nilikiacha kitambaa juu ya meza. Nilitaka kumpiga, mtu mwenye wajukuu. Siku zote nikitaka kumkumbuka mama nilifungua kopo la karafuu, na nilikuwa nimekaa jikoni siku tatu kuitafuta harufu hiyo kwa matone, kumbe ni kitu alichotiwa mdomoni na binti yake ili asimtie aibu. Na mimi nilikuwa naipenda! Nilimuuliza dada kama alishawahi kumwomba mama msamaha. Akasema mama alishasahau mambo hayo. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu, akatoka.

Glasi zote nilizimwaga kwenye sinki, na pakiti ya kijana wa ndevu nikaitupa. Nilitwanga tangawizi mbichi, nyingi, nikaitwanga kwa hasira mpaka jirani wa chini akagonga dari. Nikaichemsha, nikaiacha ipoe, nikaichuja na kuitia kwenye bia yote. Nilipoonja nililia, kwa sababu ilikuwa yenyewe.

Siku ya ibada tulikutana kwenye ukumbi wa wapangaji chini ya jengo letu. Waganda walikuja, Wakongo walikuja, na dada, niliyedhani hatakuja, akaja na kundi lake zima na juisi zao. Niliweka ndoo yangu ya pombe mezani bila kuificha. Picha zikapita ukutani, kisha dada akashika kipaza sauti, Biblia kwapani.

"Mama yetu alikuwa mkulima," akasema. Akainua macho. Binti yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, anamtazama.

"Hapana. Hakuwa na shamba. Mama yetu alipika pombe, na pombe hiyo ndiyo iliyotusomesha. Mimi nilimwonea aibu, na yeye alijua."

Watu wachache walisema amina. Mzee wa Bukavu akawa wa kwanza kuinuka na glasi yake. Dada alikuja pale nilipokuwa nimesimama, machozi yanamtiririka, na ukumbi mzima ukanigeukia, wananisubiri nimkumbatie. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira kuliko siku ile ya Farsta. Maneno yale alikuwa anayaweza kumbe, yamemtoka kwa pumzi moja tu, mbele ya watu ambao hata mama hawakumjua. Alikuwa akimpigia mama simu kila Jumapili. Alimuuliza presha, alimuuliza mvua, alimuuliza kuku. Maneno hayo hakumwambia.