Jina la Bibi wa Quitunda

Safari zangu nyingi nimezifanya bila sababu. Nikikaa mahali miezi michache miguu huanza kuwasha, na dada yangu Fatima hunitazama akasema, "Haya, Anli, nenda. Utarudi ukichoka." Safari hii, yeye ndiye aliyenituma.

Nyumbani kwake Quitunda, karibu na Palma, katika zile nyumba za matofali walizohamishiwa watu wa pwani kupisha mradi wa gesi, alikuwa akiishi bibi mmoja. Alifika wakati wa kukimbia vita, nyuma ya kundi la watu waliotembea kutoka kusini. Aliketi barazani kwa dada yangu apumzike, na hakuondoka tena. Akili yake ilikuwa ikija na kwenda. Alichambua mchele, alibembeleza watoto, na yeye alimwita kila mtu "mwanangu". Sisi tulimwita Bibi. Jina hatukumuuliza. Kwetu mtu mzima haulizwi jina usoni kama yuko mbele ya askari wa kizuizi cha barabarani. Unangoja usikie mwenzake akimwita. Hakutokea mwenzake.

Alipofariki, mwalimu wa msikiti alikaa kichwani pa kaburi asome talkini, ambayo ndani yake marehemu huitwa kwa jina lake na la mama yake. Mwalimu akageuka kututazama. Nasi tukatazamana. Basi akamwita mja wa Mungu, mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama yetu sote.

Dada yangu alipoyasikia hayo aliweka sufuria chini. "Amekula kwangu, amelala kwangu, halafu anaitwa kama maiti aliyeokotwa ufukweni? Arobaini yake haisomwi hivyo. Wewe unajua njia zote. Nenda katafute kwao."

Kabla ya kuondoka nilipita kwa Bi Awa, aliyemwosha. Nilimuuliza kama mwilini mwa Bibi kulikuwa na alama yoyote ya kunisaidia. Bi Awa alikuwa akianika mihogo, hata hakuinua kichwa.

"Ilikuwepo."

"Alama gani, mama?"

"Ninachokiona kwa maiti nakizika naye. Mwosha huoshwa, mwanangu. Kesho nitalala mimi pale, utapenda nitangazwe njiani?" Akageuza vipande vya mihogo. "Akija mwanamke wa kwao akanitajia alama mwenyewe, nitamwambia ndiye au siye. Wewe mwanamume, nenda tu."

Asubuhi iliyofuata nilipanda pikapu ya Hamza, mfanyabiashara ambaye baba yake alitokea Mtwara, naye alikuwa akipeleka saruji Mocímboa. Nilimweleza niendako na kwa nini.

"Mano Anli," akasema, yaani kaka Anli, "watu huwatafuta wanaosafiri. Wewe unamtafutia njia aliyekwisha fika!"

Barabara ni ileile niliyoipita kijana, nikiuza samaki wakavu. Mahali palipokuwa na mama muuza vitumbua, ambaye tulimwamsha hata kabla ya alfajiri, sasa kuna magunia ya mchanga na askari wanaotaka kuona bilhete. Nilitoa kitambulisho changu na kumkumbuka Bibi, ambaye alikuja na kapulana mbili za kujifunga na hakuwa na karatasi hata moja.

Kijiji cha Olumbi tulikifikia karibu na adhuhuri. Hamza aliendelea, mimi nikashuka kwa rafiki yangu wa zamani, Sumaili. Baada ya swala alinisimamisha msikitini mbele ya wenzake nijieleze. Nikaeleza: bibi mzee, mfupi, rangi yake ya maji ya kunde, Kiswahili chake kina Kimwani cha pwani ndani, na alizoea kusema kwamba kwao ukilala unasikia bahari.

"Bahari gani?" akauliza mmoja. "Pwani yote hii ukilala unasikia bahari."

"Na jina lake?" akauliza mwingine.

"Ndilo ninalolitafuta."

Wakacheka, si kwa ubaya. Kisha mmoja wao akamwombea dua, nao wakatawanyika kwenda mashambani.

Nyumbani kwa Sumaili tulikula ugali kwa kisamvu cha nazi. Mkewe, Mwanaesha, alikuwa upande wa jikoni, nyuma ya pazia, na sauti yake ikatujia: "Shemeji, huyo bibi alikuwa na alama?"

"Alikuwa nayo, lakini mwosha hataki kunitajia."

"Amefanya vizuri," akasema Mwanaesha.

"Wanawake kwa maswali!" Sumaili akanikonyeza. "Kula, ndugu yangu."

Siku ya pili nilifika Mocímboa da Praia. Mji ule niliupenda kuliko mji wowote, na sitasema mengi juu yake. Nyumba nyingi zimeezekwa upya, nyingine zimebaki kuta na miti imeota sebuleni. Lakini sokoni makelele yamerudi, na harufu ya samaki wa kukaanga ni ileile. Nilizunguka nikiuliza. Karibu kila mtu alikuwa na mzee aliyepotea, na kila mmoja alinisikiliza mpaka mwisho. Wengine mzee wao alikuwa mwanamume, wengine mrefu. Nilianza kuona aibu, kwa kuwa kila nilipofungua mdomo nilimpa mtu matumaini, kisha nikamnyang'anya.

Kwa Zaina, mkaanga samaki, sikumaliza maelezo. Alitoa karai motoni.

"Mfupi?"

"Mfupi."

"Anaita watu wote mwanangu?"

"Wote. Hata mbuzi."

Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kapulana. Yeye na mama yake walipoteana usiku wa kukimbia, katika umati, na tangu hapo hajui kama yuko hai. "Kaka, nikienda nikakuta ndiye, nimemzika. Nikikuta siye, narudi kumtafuta upya. Sijui niombe lipi."

"Basi usiende, dada."

"Nitalalaje?" Akamwita jirani amwangalizie meza.

Kurudi tulirudi na Hamza. Zaina alikaa dirishani. Olumbi tulipita bila kusimama. Tukafika Quitunda.

Bi Awa alimpokea mlangoni kwake, akamshika mkono, wakaingia ndani. Sisi tulibaki uani, mimi na dada yangu. Kupitia dirishani nilimwona Zaina ameinama sikioni mwa Bi Awa, kama mtoto anayesema siri. Bi Awa alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Siye, mwanangu."

Zaina alikaa chini. Alilia kilio ambacho hata leo sijui kama kilikuwa cha shukrani au cha uchungu. Dada yangu akaingia, akaketi naye. Alipotulia alisema, "Huyu naye ni mama wa mtu. Labda na wangu yuko mikononi mwa watu kama nyinyi."

Ndipo Bi Awa alipofanya jambo ambalo sikulitarajia. Alifunga dirisha. Waliongea kwa muda, na walipotoka Bi Awa aliniambia, "Alama ya mama yake ninayo mimi, na ya Bibi anayo yeye. Ataulizia kwa wanawake wenzake, faraghani. Wewe uliuliza msikitini. Msikitini nani angeijua?"

Kesho yake nilimsindikiza Zaina. Gari tulilopata liliishia Olumbi, tukaomba kulala kwa Sumaili. Mimi na Sumaili tulikaa nje tukikumbushana safari zetu za Mtwara. Jikoni tulisikia minong'ono. Mara Mwanaesha akatoka haraka, kapulana kichwani, Zaina nyuma yake.

"Mnakwenda wapi?" Sumaili akauliza.

"Kwa somo wangu," akajibu mkewe, bila kusimama. Somo ni mama aliyemfunda unyagoni.

Walirudi kabla ya kuisha chai. Yule somo, ambaye sasa ni mzee sana, aliwekwa ndani pamoja na Bibi walipokuwa wari. Alipoambiwa ile alama hakuuliza swali lolote. Alitaja jina, kisha la mama, kisha akaomba aachwe peke yake kidogo.

Bi Tima, mwana wa Mwanamkuu. Mzaliwa wa Olumbi, aliyeolewa Mocímboa. Vita vilipokuja, watoto wa mumewe walidhani amekimbilia kwao Olumbi. Wa Olumbi walidhani amekwenda nao Pemba, ule mji wa kusini. Alikuwa akirudi kwao, akapapita bila kujua. Mpwa wake, Bakari, alikuwa miongoni mwa wale wanaume niliosimama mbele yao. Aliponijia usiku ule hakuweza kunitazama.

"Nilikusikia," akasema. "Bibi mfupi, mzee. Nikasema, Mungu amrehemu. Ni mimi niliyemwombea dua."

Arobaini ilisomwa Quitunda, na watu wa Olumbi walijaa uani kwa dada yangu, wakaleta mchele na nazi. Kaburini mwalimu alikaa palepale alipokaa mwanzo, akamwita kwa jina lake na la mama yake. Dada yangu alikuwa amebaki nyumbani na wanawake. Niliporudi aliuliza jambo moja tu: "Ameliita vizuri?" Nikamwambia ameliita vizuri.

Zaina yuko Mocímboa na karai lake. Mama yake hajaonekana. Bi Awa anajua alama ya kuangalia, naye amewanong'oneza waosha wenzake wa Palma. Alama ya Bi Tima mimi siijui, na sitauliza.

Miguu bado inawasha, na bado nasafiri. Ila siku hizi nikikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla ya kunawa mikono nasema: mimi ni Anli, mwana wa Mwanashaha. Wenyeji wengi hucheka, wakauliza kwani nimekuja kuchumbia. Mwanaesha wa Olumbi hakucheka. Aliyarudia majina yote mawili nyuma ya pazia, polepole, kisha akaleta chai.