Nusu ya Kurudisha Ndooni

Mtaani walimwita Pacha Mkubwa, ingawa hakuzaliwa pacha na mtu yeyote. Jina lilitokana na bintiye, Pacha Mdogo, mtoto wake pekee, aliyekuwa na kimo chake, sauti yake na miguu ya kuvaa viatu vyake. Ukibisha mlango ukaitikiwa, hujui ni nani aliyekuitikia. Mama mtu alilipenda jina hilo kupita kiasi, na tukitaka kusema ukweli, matata yote yalianzia hapo.

Kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Chumba cha mbele kilikuwa na tanuri, meza ya mbao iliyolika katikati kwa kukandiwa, na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndani ya ndoo aliitunza chachu aliyoianzisha mwenyewe binti akiwa bado hajatambaa. Hamira ya pakiti hakutaka hata kuisikia. Kila alasiri aliitoa chachu, akaikata katikati kwa kisu. Nusu ikaingia kwenye unga wa kesho, nusu ikarudi ndooni kulishwa unga na maji. Nusu kwa nusu, bila upendeleo. Asiyerudisha nusu ndooni, alisema, huyo si mwoka mikate, ni mharibifu tu.

Mume alikuwa ameondoka zamani sana, akaacha mlango wazi na asirudi hata kuufunga. Basi wakabaki wawili, chanda na pete.

Binti alisoma, akapata kazi katika maabara ya chuo. Siku moja alichukua chachu kidogo ya nyumbani kwenye chupa, akamwalika mama yake aje aione kwa hadubini. Mama akafumba jicho moja, akaona vitu vya mviringo, kimoja kimechipua kinundu ubavuni. Binti akamweleza kwamba kile kinundu ni mtoto. Hamira ya mkate haijigawi sawasawa, alisema. Mama hubaki mkubwa, na uchakavu wake hubaki nao. Mtoto hutoka mdogo akaanza maisha upya. Akamwonyesha picha iliyopigwa kwa mashine nyingine, seli moja kongwe imejaa makovu ya duara, na kila kovu ni pale alipotokea mtoto mmoja. Picha ya pili ilikuwa ya hamira ya jamii nyingine, ndefundefu kama vidonge, ambayo seli zake hujikata katikati zikawa mbili sawa, hata usiweze kusema yupi mama na yupi mtoto.

"Sisi ndio hawa," mama akasema, akaigusa picha ya pili.

Binti akacheka. Lakini hakusema ndiyo.

Haukupita muda, binti akapata kazi katika mji wa mbali, safari ya kulala njiani. Habari hiyo aliitoa wakiosha vyombo, na mama hakungoja imalizike. Akauliza wanaondoka lini. Binti akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Usidhani mama hakuuona ukimya ule. Aliuona vizuri sana, na ukamtia hofu. Alijiona ndani ya nyumba ile, yeye na tanuri, akijibu mlango peke yake hadi uzee.

Ndipo akafanya jambo ambalo mwoka mikate mwenye akili zake halifanyi. Alioka chachu yote. Hakusahau, alikusudia. Aliwaaga wateja, akaiosha ndoo, akaifudikiza kizingitini ambapo binti hawezi kuingia bila kuiona. Nani atamwambia mama asiye na chachu abaki?

Binti aliporudi kutoka kazini aliitazama ile ndoo kwa muda, kisha akaketi kwenye benchi na mkoba wake begani.

"Umeioka yote, mama?"

"Yote. Sina tena cha kunizuia."

"Ningekwambia mapema, nikaogopa. Nataka kwenda peke yangu."

Mama akauliza amemkosea nini.

"Hujanikosea kitu. Ila watu wakiniona mimi, wanakuona wewe. Sijawahi kuwa mtu mmoja, mama. Hata siku moja."

Maneno yale yalimchoma. Alikwenda kufuta meza ambayo haikuwa na unga, na usiombe kumwona mtu akifuta meza namna ile. Alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, naye yuko nje.

Kesho yake binti alikuja na chupa. Ilikuwa ile chachu ya maabara, iliyosahauliwa ndani ya friji, imetoa maji ya kijivu juu. Akaiweka mezani. Mama alikuwa bado amenuna, lakini mkono ulikuwa umekwisha shika unga. Aliilisha asubuhi na jioni, na kabla ya siku ya safari ikaanza kufura, kwanza kwa uvivu, kisha ikasukuma mfuniko.

Siku yenyewe, sanduku likiwa mlangoni, alijikaza kisabuni. Akaikata chachu katikati, akasogeza nusu upande wa binti.

"Sitaoka mkate, mama," binti akasema polepole.

"Najua. Mkono tu umezoea." Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Kwa hiyo yule mtoto wa kwenye picha huenda zake safi, kovu akabaki nalo mama?"

Binti alikuwa analia sasa. "Naye analo. Moja tu, pale alipobandukia. Halifutiki, mama."

Wakakumbatiana, na gari likaja, na binti akaenda.

Mama alirudi mezani. Nusu ile ya binti ilikuwa imeanza kukauka juu. Akairudisha ndooni pamoja na ile nyingine, akaona imezidi, mwoka mmoja hawezi kuimaliza. Alikuwa mpweke, na hakuwa na mtu wa kumficha hilo. Akaketi.

Mlango ukabishwa. Akaitika. Mteja akauliza kwa utani, kama walivyozoea wote, ni pacha yupi huyo aliyeitika.

"Ni mama," akasema, akaenda kufungua.