Mnataka Ngoma, Mazoezi Hamyataki

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu. Uongo mtupu. Mtaani kwetu Dunda mcheza kwao alishtakiwa kwa mjumbe wa mtaa, na aliyemshtaki ni jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro, mwanamke tuliyeazimana naye chumvi na mbuzi ya nazi tangu nilipoolewa.

Mcheza mwenyewe ni binti wa muuza mihogo wa pale kona. Alikuwa amefeli kidato cha nne, na watu walishamfuta kabisa. Mimi nilimsikia akipiga ndoo ya plastiki huku akisubiri zamu yake bombani, nikasimama na dumu langu mkononi nisiweze kuondoka. Marehemu mama yangu alikuwa mpiga msondo, ile ngoma ndefu ya shughuli za wanawake. Aliniachia ngoma, mikono hakuniachia. Nikamwita binti uani kwangu. Kila siku baada ya Alasiri akawa anapiga mpaka karibu na Magharibi. Mwanzoni alipiga vibaya, tena vibaya sana, kama apigavyo yeyote anayejifunza. Wanawake wawili watatu waliomjua mama wakaanza kuja na ukili wao, wakawa wanasuka mikeka na kumrekebisha: hapo umekimbilia, rudi. Nilikuwa na furaha siku zile.

Ndipo jirani akaenda kwa mjumbe kulalamika kwamba tunapiga kelele. Mjumbe akaja, akasema ngoma ni ya sherehe, na ngoma isiyo na sherehe ni fujo. Pale kona kuna banda lenye spika inayonguruma muziki wa singeli kutwa nzima, na mjumbe alilazimika kupaza sauti ndiyo tumsikie. Nikamwonyesha lile banda. Akasema ile ni biashara. Hata hivyo amri ikabaki amri. Binti akarudi kukaanga mihogo, na msondo ukarudi nyuma ya kabati.

Ikapita miezi. Mjukuu wa jirani akavunja ungo, akawekwa ndani, siku ya kumtoa na kumcheza ngoma ikapangwa. Kungwi aliyekuwa akimfunda akasema spika haitaki shughulini kwake, maana spika haimtazami mwali. Mpiga ngoma huitazama miguu ya mwali. Mwali akichelewa, humngoja. Basi jirani akavuka uchochoro, sauti imejaa asali, akaniomba msondo pamoja na yule binti.

Tukaenda. Mikono ya binti ilikuwa mizito kwa kukaa bila kugusa ngozi. Akakosa, akarudia, akakosa tena. Mwali akasimama katikati ya mkeka, hajui mguu gani aanze. Wanawake wakaguna. Jirani akasema, wote tukimsikia:

"Watoto wa siku hizi hawana kipaji. Msondo ulikwenda na mama yako."

Damu ilinipanda, sikujali tena kwamba niko kwenye shughuli ya mtu.

"Kipaji alikuwa nacho, dada. Wewe ndiye uliyekishtaki kwa mjumbe. Mnataka ngoma, mazoezi hamyataki."

Kungwi aliuchukua msondo akamalizia yeye mwenyewe. Binti alikaa ukutani, viganja kavificha ndani ya kanga kama mtu aliyeiba, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kesho yake baada ya Alasiri nilimfuata kwenye karai lake la mihogo. Akasema hapigi tena. Nikamwambia atapiga, na safari hii si uani. Niliubeba msondo mwenyewe nikausimamisha uchochoroni, mbele ya mlango wa jirani. Binti akasitasita, kisha akapiga, na akapiga vibaya. Wale wanawake wa ukili walisikia, wakaja wakaketi hapohapo njiani, na bodaboda zikawa zinatuzunguka. Mmoja akamwambia: umekimbilia, rudi.

Mlango ukafunguliwa. Nilishayapanga maneno ya kumwambia yule mwanamke, na mengine hayaandikiki. Yeye akatoka na kuti kavu, akaliweka miguuni pa binti.

"Ngozi imelegea hiyo," akasema. "Ipasheni moto kwanza."

Kumbe alikuwa anajua. Miezi yote ile alijua ngoma inataka nini. Nililipokea kuti, nikaliwasha, binti akaipasha ngozi na kuanza upya. Asante sikusema, na mpaka leo sijaisema.