Rais alipoapa, Jeannine aliandika barua ya kuiacha nyumba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Lozells, jijini Birmingham, Uingereza, bado kuna giza. Jeannine Kabulo anashuka ngazi za nyuma za jengo analolitunza, ndoo ya chumvi mkono mmoja, koleo dogo mkono mwingine. Barafu imeshika tangu Jumapili. Anamwaga chumvi ngazi baada ya ngazi ili barafu iyeyuke, kisha anaikanyaga kwa kiatu kuhakikisha imeuma.

"Ukiruka moja tu, kuna bibi wa watu atavunjika nyonga," anasema bila kuinua kichwa. "Halafu utamweleza nini mjukuu wake?"

Ana umri wa miaka ishirini na minane. Anatunza maghorofa matatu yenye milango mia moja themanini na sita, na kati ya watunza majengo tisa wa shirika lake la nyumba, mwanamke ni yeye peke yake. Anafagia, anabadilisha taa, anazibua mabomba, anapokea funguo za wanaohama.

Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyomleta mwandishi wa makala haya hapa. Wapangaji wanataniana kwamba kuingia kwenye jengo la Jeannine ni rahisi, ila kutoka utatokwa na jasho.

Saa mbili, mpangaji mmoja, Manjit, anabisha kwenye kijumba cha ofisi akiwa na bahasha yenye barua ya kuiacha nyumba. Ni dereva wa teksi, ana haraka. Anahama mwisho wa mwezi.

"Mkeo anajua?" Jeannine anamuuliza.

"Kwani nahama na nani?"

"Basi aje aniambie mwenyewe."

Manjit anacheka, anaguna, anapiga simu. Mkewe, Rajni, anashuka na kandambili, mtoto begani, anasema ndiyo, wamepata nyumba karibu na kwa mama yake. Hapo ndipo Jeannine anaipokea bahasha na kuwatakia heri. Hakuna kanuni ya kazi inayomtaka afanye hivyo. Saini ya mmoja inatosha, na bosi wake amemkumbusha hilo zaidi ya mara moja.

"Najua inatosha," anasema. "Mi ndo nilishika kalamu. I was ten."

Siku anayoikumbuka ni Jumatano, tarehe 6 Desemba 2006. Siku hiyo huko Kinshasa rais aliyechaguliwa kwa kura alikuwa anaapishwa, na wakimbizi wa Kongo waliotawanyika dunia nzima walikuwa wanatafuta televisheni.

Familia ya Kabulo ilikuwa na miaka minne Birmingham. Ilitoka Kalemie, mji ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ikikimbia vita. Baba, Raphaël, alikuwa mwalimu wa hesabu kule. Huku alikuwa anafunga kuku kwenye masanduku kiwandani. Mama, Rosalie, alikuwa nyumbani na watoto wanne, Jeannine akiwa mkubwa.

Kwa miaka yote hiyo minne Raphaël hakununua kitanda. Familia ililala kwenye magodoro chini. Hakununua kabati. Nguo zilikaa kwenye mabegi, na watoto waliambiwa wakitoa shati warudishe zipu. Lakini kilichomuuma Jeannine zaidi kilikuwa koti.

"Kila mwaka baridi ikianza, mama anasema watoto wanahitaji makoti. Baba anasema, koti la nini? Noël ijayo tuko Kalemie. So tunavaa sweta tatu. Shuleni wananiita kitunguu."

Anacheka anapolisema hilo. Kisha anaacha kucheka.

Asubuhi ya kiapo, Raphaël aliwazuia watoto kwenda shule. Aliiambia shule kwamba ni sikukuu ya taifa, bila kufafanua taifa gani. Watu kumi na watatu walijazana sebuleni, wanawake wamevaa vitenge vya kanisani na soksi nzito chini yake. Nje mvua ya baridi ilikuwa inapigwa na upepo hadi inaanguka kiubavu, na kila upepo ulipovuma, dishi lililofungwa ukutani nyuma ya nyumba lilizunguka na picha ikapotea.

Aliyeokoa shughuli ni jirani, Mzee Harbhajan, fundi mstaafu wa mabasi. Alileta ngazi yake mwenyewe, akapanda, akalishika dishi kwa mikono miwili huku kilemba kinachuruzika maji. Kila baada ya dakika alipiga kelele kuuliza kama inaonekana. Watoto walimjibu kwa pamoja kwamba inaonekana. Mzee huyo hakuijua Kongo hata kwenye ramani, lakini alikaa juu ya ngazi ile mpaka rais alipomaliza kuapa.

Jeannine anakumbuka majoho mekundu ya majaji. Anakumbuka kwamba Kinshasa jua lilikuwa linawaka na watu walikuwa wanajipepea, naye akawaonea wivu hadi akalia kidogo. Anakumbuka baba yake amesimama wima mbele ya televisheni, mkono kifuani, machozi yanamtoka.

Kisha ikapigwa mizinga ya heshima.

"Watu wote walishangilia. Baba alikuwa anahesabu, un, deux, trois, anarusha mkono. Mi nikageuka kumwangalia mama. Hakuwepo. Nikamkuta kwenye korido, amekaa chini, amewakumbatia wadogo zangu wawili, amewaziba masikio. Mlango wa sebule ameufunga. Alinivuta tu na mimi nikae."

Katika nyumba hiyohiyo, kwa mlio uleule, mtu mmoja alisikia njia ya kurudi nyumbani imefunguka na mwingine akasikia vita. Aliyeona pande zote mbili alikuwa mtoto wa miaka kumi.

Wageni walipoondoka, Raphaël alinunua kadi ya simu na kumpigia mama yake Kalemie. Jeannine alikuwa ameketi pembeni, akasikia kila neno. Baba alisema, "Mama, tunakuya. Bote. Mbele ya Pasaka tuko hapo." Yaani wote watafika kabla ya Pasaka. Upande wa pili bibi alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza.

Kesho yake, watoto walipotoka shule, Raphaël alimwita Jeannine mezani. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, cha kusema yes na kusoma joto la friji. Jeannine alikuwa amesifiwa na mwalimu kwa hati nzuri. Baba aliyasema maneno kwa Kiswahili, mtoto akayaandika kwa Kiingereza, barua ya kwenda ofisi ya nyumba. Anayakumbuka yote: kwamba wanashukuru sana kwa nyumba, kwamba wataiacha baada ya wiki nne, na kwamba wanarudi kwao kwa sababu nchi yao imepata rais.

"Nilikuwa proud sana," anasema. "Niliandika mara mbili ili isiwe na kosa hata moja. Nikauliza, mama anajua? Baba akasema, nitamwambia mimi, itakuwa surprise."

Raphaël alitia saini. Nyumba ilikuwa kwa majina mawili, lakini kisheria saini ya mmoja ilitosha.

Hakumwambia mkewe. Siku ya kwanza alingoja apate tarehe ya ndege. Siku ya pili akangoja apate majibu ya karatasi za safari, maana kitambulisho cha mkimbizi hakimruhusu mtu kurudi kirahisi kule alikokimbia. Siku zikasonga, naye akazidi kushindwa kufungua mdomo.

Wiki mbili baadaye alikuja mwanamume wa ofisi ya nyumba, mwenye karatasi kwenye ubao, kukagua hali ya nyumba. Raphaël alikuwa kazini. Rosalie alimkaribisha, akamwita Jeannine atafsiri kama kawaida.

"Akaniuliza, mtatoka tarehe ngapi? Mama akaniambia, amesema nini? Nikamwambia, anauliza tunatoka lini. Mama akacheka. Akasema, hujaskia vizuri, muulize tena. Nikamuuliza tena. Akanionyesha ile barua. Mama akaiona hati yangu."

Jeannine anasogeza ndoo ya chumvi kwa mguu, anairudisha.

"Hakunipiga. Bora angenipiga."

Rosalie alikataa kurudi Kongo. Alimwambia mumewe kwamba hatawapeleka watoto wake mahali ambapo hata furaha inatangazwa kwa mizinga. Machi iliyofuata, habari za risasi mitaani Kinshasa zilipofika, hakuna aliyemwuliza tena. Lakini alipokataa, nyumba yao, hapahapa Lozells, ilikuwa imeshapangishwa kwa familia nyingine, na ofisi waliyoiendea ikawaeleza kwamba mtu aliyeiacha nyumba kwa hiari yake hana haki ya kupewa nyingine haraka.

Januari 2007, watu sita walihamia vyumba viwili nyuma ya kanisa moja Bordesley Green. Vilikuwa vyumba vya kuhifadhia viti. Walikaa humo wiki kumi na moja. Ukuta ulitoa maji. Wiki ya tano, mdogo wake Jeannine, Ruben, aliyekuwa na miaka mitatu, alikamatwa na kifua na kulazwa katika hospitali kubwa iliyo jirani.

Alipona. Siku aliyotoka hospitali, Raphaël alipita sokoni na kurudi na makoti manne ya watoto, mazito, yenye manyoya kofiani. Aliwavalisha mmoja mmoja na kuwafunga vifungo.

"Miaka yote nilililia lile koti," Jeannine anasema. "Siku nililivaa, nikajua haturudi tena. Nilitamani nilivue."

Huko Kalemie, bibi hakuyajua mambo hayo. Aliambiwa safari imesogea mbele kidogo. Kila Pasaka ilipokaribia, alitoa magodoro nje, akayaanika na kuyapiga vumbi, akafagia chumba cha nyuma. Majirani walimsimulia Raphaël kwenye simu, wakidhani wanamfurahisha. Bibi alifariki Agosti 2011, chumba kikiwa kimefagiwa.

Tangu hapo, Raphaël hajawahi kusema neno "nyumbani" mbele ya wanawe. Alipata uraia wa Uingereza, akapata pasipoti, akaiweka. Wenzake wengi kanisani wameshakwenda Kongo kutembea na kurudi. Yeye hapana. Sasa ana miaka sabini na moja, moyo unamsumbua, na daktari amemwambia kwamba kama kuna safari ndefu anayoitaka, aifanye mwaka huu.

Jeannine ameomba likizo ya Julai na imekubaliwa. Amepanga kwenda na baba yake hadi kwenye kaburi la bibi. Kitu kimoja tu hakipo, nacho ni jibu la baba. Mara tatu amemwomba, na mara tatu mzee amebadilisha mazungumzo.

"Sitaki aage dunia na ile aibu," anasema. "Na mimi nisibaki nayo."

Kwa nini yeye abaki nayo? Anatazama mikono yake, iliyopauka kwa chumvi.

"Kwa sababu ile barua ingekuwa na makosa, wangemwita ofisini waulize. Mi niliiandika vizuri mno."

Jumamosi, anampeleka mwandishi kwa wazazi wake, Northfield, kwenye nyumba ndogo ya chini yenye vitanda, kabati na meza ya chakula. Raphaël ni mrefu, mkimya, shati limefungwa hadi shingoni. Rosalie analeta chai na mandazi na kuketi karibu na mumewe, ishara kwamba hatainuka.

Kwa nusu saa mzee anazungumzia hesabu, wanafunzi wake wa zamani, baridi. Mwandishi anapoitaja Desemba ya 2006, Jeannine anainama. Mzee anaweka kikombe chini.

"Ile barua," anasema, "iliandikwa na mimi. Mkono ulikuwa wa mtoto, mais maneno yote yalikuwa yangu. Hata ile ya kusema nchi imepata rais. Yeye hana kosa. Minajua anafikiri ana kosa. Miaka yote minaona vile anasumbua batu na zile funguo zao, na mi nanyamaza. Jeannine, mwanangu, unisamehe."

Jeannine hajawahi kuyasikia maneno hayo. Analia palepale, kwa sauti, kama mtoto, na baba yake anampa leso iliyokunjwa vizuri.

Rosalie anaingilia. "Mi nilimsamehe siku alinunua yale makoti. Yeye ndo hajajisamehe. Miye siendi, magoti yangu yamekataa ndege na roho yangu imekataa Kongo. Lakini yeye aende. Mama wa mtu hazikwi kwa simu."

Mzee anaitikia kwa kichwa taratibu. Anamuuliza binti yake kama Julai mawimbi ya ziwa yanakuwa makali. Jeannine anasema hajui, alitoka huko mdogo. Mzee anasema yeye anajua, yanakuwa makali, na barabara ya makaburini inakuwa kavu.

"Tutaenda," anasema.

Jeannine tayari ameshika simu. Anataka kumpigia shangazi yake Kalemie, dada mkubwa wa mzee, mwenye miaka themanini na mmoja, ampe habari, aandae watu. Raphaël ananyoosha mkono na kuifunika simu ile kwa kiganja.

"Hapana. Usimpigie mtu. Usiseme mwezi, usiseme siku. Tufike tu, tubishe hodi."