Mnara wa Kichina Niliomwahidi Mke Wangu

Nimepiga deki nusu ya London, na sijivuni bure. Shule niliishia darasa la saba, lakini leo nina vani tano na watu wananiita bosi. Miaka ya tisini nilisafisha ofisi karibu na bustani ya Kew. Nikifuta madirisha ya juu nauona ule mnara wa Kichina umechomoza juu ya miti. Mke wangu alipokuja kutoka Tanga nikamwambia, "Ule nitakupandisha mpaka juu kabisa."

Tukaenda, mlango umefungwa. Ukabaki hivyo miaka na miaka, na mimi nikabaki kazini.

Kiangazi kimoja wakaufungua. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao, alisikia kwa bibi mmoja wa Kizungu. Akaniuliza, "Bosi, ahadi yangu iko wapi?"

Jumapili tuliyokwenda nilikuwa nimetoka zamu ya usiku bila kulala, maana mfanyakazi wangu hakutokea na mimi mteja simwachi. Nikavaa suti na viatu vipya vya ngozi. Picha ya kutuma Tanga haipigwi na raba.

"Unaenda kuoa?" akanicheka. Yeye kavaa raba zake za kazini, kabeba chupa ya chai na kanga ya kukalia.

Ngazi zinazunguka tu. Mwanzoni nilikuwa namweleza kwamba Waingereza wenyewe ndio waliujenga, zamani za wafalme, kwa kuwaiga Wachina. Ghorofa ya tatu nikanyamaza. Ya tano nikakaa chini, visigino vinawaka moto.

"Inuka, baba. Tumebakiza nusu."

"Tangulia, nakuja."

"Miaka yote hii unakuja," akasema. Hakukasirika. Hapo ndipo nilipochoka kweli. Akaniachia chupa ya chai, akapanda polepole, mkono ukutani, kama anavyopanda ngazi za wazee anaowatunza kila siku.

Nikashuka, nikavua viatu, nikakaa kwenye majani na soksi zangu. Baadaye kule juu, dirishani, nikaona kanga inapepea. Nikapunga mkono. Sijui kama aliniona.

Aliposhuka nikamuuliza ameona nini.

Akamimina chai, kikombe cha kwanza akanipa mimi. "Ofisi zako," akasema. "Ndogo hivi."

Picha hatukupiga. Nilimwambia tutarudi, nitavaa raba. Akaitikia, "Haya." Kiangazi kikaisha, nami nilikuwa kazini, mlango ukafungwa tena.