Kurasa Tatu za Mama wa Dunga

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Kisumu, mimi na mwenzangu mmoja wa darasa tulitengeneza filamu fupi ya katuni kuhusu mwanamke muuza samaki. Nilichora wahusika na vitu vyao vyote, naye akavipa mwendo kwenye kompyuta. Sikutaka kumchora mwanamke wa kubuni tu, kwa hiyo nikaanza kwenda Dunga, ufuoni mwa ziwa, na daftari langu.

Huko nilimpata mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki aina ya ngege kibandani mwake. Nilipomwomba nimchore, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Chora samaki," akasema. "Samaki hawana kesi na mtu."

Nikachora samaki. Nikachora pia kisu chake kilichokwisha kwa kunolewa, na kigoda chenye mguu uliofungwa mpira wa baiskeli. Yeye mwenyewe nilimchora kwa kuibia, ameinamia karai. Na kwa kuwa vitu hivyo lazima vilingane na mwili wa mhusika, nilipima meza na kibanda kwa futi ya fundi nguo, nikaandika namba pembeni.

"Hizo namba ni za nini?"

"Za filamu, Mama."

"Tangu lini filamu ikapimwa kwa futi?"

Majirani zake walicheka. Yeye hakucheka.

Siku mbili baadaye nilifungua daftari nikakuta kurasa tatu zimechanwa, zile zile za mama. Moja kwa moja nikamshuku mwenzangu. Wiki hiyo kila nikiingia chumba chetu cha kazi alikuwa akifunga kompyuta haraka, na nilijua anatafuta kazi Nairobi, mahali wanapotaka kuona michoro ya mwombaji. Nikaanza kutembea na daftari hata chooni. Nikimsalimia, naangalia mikono yake.

Siku moja alipotoka kwenda kununua chai, nikafungua kompyuta yake. Michoro yangu haikuwamo. Kulikuwa na video zake mwenyewe, amejifunga leso kiunoni, anainama na kuinuka kwenye kigoda, mara kumi, mara ishirini, akijifunza mwendo wa mama yetu wa filamu.

"Unatafuta nini?" Alikuwa mlangoni na vikombe viwili.

"Kurasa zangu."

"Sijazigusa."

Hata baada ya kuona zile video, sikumwamini. Nilijiambia labda amezificha nyumbani kwao Kisian.

Nikarudi Dunga kuchora upya. Sijafika kwenye kibanda, nikaitwa na mwenyekiti wa wavuvi. Kurasa zangu tatu zilikuwa mezani kwake, na mama amesimama kando.

"Ndiye huyu," mama akasema. "Alienda kutazama mashua akaacha kitabu kwenye benchi langu. Nikazichana kurasa hizi."

"Nani amekutuma kupima vibanda?" mwenyekiti akauliza. "Mtu wa mwisho kuja na futi hapa, mwezi haukuisha tukabomolewa."

Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Nani aamini katuni? Mwishowe nikampigia mwenzangu simu. Alikuja na kompyuta yake, akaifungua mezani kwa mwenyekiti.

Mama alimtazama yule mwanamke wa filamu akiinuka kutoka kwenye kigoda. Akataka irudiwe. Akatazama mara tatu.

"Mimi siinuki hivyo," akasema. "Mkono unaanza kwenye goti. Nyinyi watoto hamjaumwa mgongo." Akakaa, akatuonyesha polepole, huku mwenzangu akimrekodi.

Alinirudishia kurasa mbili. Ile yenye uso wake aliikunja akaiweka kifuani. "Hii nakaa nayo iwe ushahidi. Wakibomoa, nitajua wa kutafuta ni wewe."

Tukiwa njiani kurudi nilimwomba mwenzangu msamaha. Alisema sawa, yameisha. Tulimaliza filamu, na wanawake wa Dunga walipoiona walishangilia ule mkono kwenye goti. Lakini tangu siku ile kompyuta yake ilikuwa na nywila, na mimi sikuwahi kuambiwa ni ipi.