Pikipiki ya trials ya zamani pale Mbweni: binti anauza, baba hauzi

Wakuu wa jukwaa, natumaini mko wazima. Hili ninaloandika limenikuta mie mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kwa wasiozijua, pikipiki ya trials siyo ya kubebea mkaa. Ni nyepesi, iko chini, haina kiti. Unaendesha umesimama, unapanda mawe na magogo taratibu, na ukigusa ardhi kwa mguu umekosea. Kwa Dar kuiona inauzwa ni bahati.

Basi nikakutana na tangazo mtandaoni. Ya zamani haswa, two-stroke, ile ya kuchanganya petroli na oili. Nikamwonyesha mke wangu picha.

"Mbona haina kiti? Mie nitakaa wapi?"

"Hakuna anayekaa."

"Kwa hiyo unanunua pikipiki ya kusimama."

Akarudi kukuna nazi. Hiyo ndiyo baraka niliyopewa.

Nikapiga simu. Aliyeweka tangazo ni dada, nitamwita Sakina. Anaongea haraka haraka.

"Kaka, ni ya baba yangu. Inawaka kiki moja, haina tatizo lolote. Njoo Jumamosi. Mie nitakuwa kazini ila baba yupo."

Mie nakaa Chamazi, Temeke huku. Kwenda Mbweni ni kuvuka jiji zima na foleni zake. Nikavuka.

Geti likafunguliwa na mzee wa Kihindi, mwembamba, kavaa kanzu safi nyeupe na chini yake buti za pikipiki. Nilipaswa kugeuza pale pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakwambia inauzwa?"

Nikamweleza tangazo. Akaguna, akanikaribisha chai, halafu akaanza kuiponda pikipiki yake mwenyewe. Klachi inateleza. Shokapu ya nyuma imekufa. Sili zinavuja. Spea hupati Kariakoo, hupati popote. "Kijana, hii itakusumbua. Tafuta nyingine."

Wakuu, nimenunua vyombo vingi lakini sijawahi kuona muuzaji wa hivyo.

Nikagusa injini. Ya moto! Tunajuana humu: ukikuta injini ina moto kabla hujafika, muuzaji kaipasha kuficha kwamba haiwaki ikiwa baridi. Nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nazunguka kidogo."

Nikarudi Chamazi mikono mitupu, kichwa kinauma.

Jioni Sakina akapiga. "Amekwambia ina ubovu, siyo? Kaka, usimsikilize. Alianguka nayo, akavunjika mfupa wa bega. Nikifika kazini akili haitulii, nasubiri tu simu ya hospitali. Nakuomba uje uichukue."

Sasa niambieni. Mmoja anaficha ubovu wote ili niichukue, mwingine anautaja wote ili niiache. Namwamini nani?

Ijumaa iliyofuata nikavuka jiji tena. Safari hii wote wawili walikuwepo, na wakazozana mbele yangu nimeshika kikombe.

"Daddy, tulikubaliana!"

"Ulikubaliana wewe na simu yako."

Nikaomba nijaribu mwenyewe. Mzee akakataa, ati kwanza anionyeshe. Akapiga kiki, ikawaka. Akasimama juu yake, akaizungusha bustanini, akapanda mawe yaliyopangwa pembeni ya ukuta, moja baada ya jingine, kanzu imefungwa kiunoni. Mguu haukugusa chini hata mara moja. Wakuu, nina miaka mingi kwenye pikipiki na siwezi kufanya vile.

Sakina hakuvumilia kuangalia, akaingia ndani.

Mzee akasimama mbele yangu. Nikasubiri ashuke. Hashuki.

"Shika handle," akasema kwa sauti ya chini.

Nikashika. Akajaribu kuinua mguu, nyonga ikagoma. Akaniegemea begani kwa uzito wake wote, mpaka tukautoa mguu. Akakaa kwenye ngazi anahema.

"Usimwambie."

Pale nikaacha kufikiria klachi. Siku ambayo hatakuwepo mtu wa kumshikia, itakuwaje? Nikamwambia naichukua. Hakubisha. Akaifuta tenki kwa pindo la kanzu yake, akaniangalia kama nimemchumbia binti.

Nikamwonea huruma. Nikasema lile neno ambalo kila Mswahili analisema bila kufikiri: "Mzee, karibu sana nyumbani."

Akauliza, "Chamazi sehemu gani?"

Jumapili asubuhi kuna teksi nje. Mzee na buti zake.

Jumapili iliyofuata, yeye tena. Na iliyofuata. Klachi inateleza kweli, shokapu imekufa kweli, yote aliyosema ni kweli tupu, na sasa anakaa kwenye kiti changu ananipigia kelele. "Miguu! Usikae! Unaiua klachi, shuka nikuonyeshe!" Anapanda yeye, nimshike akipanda, nimshike akishuka. Mke wangu anampikia, anasema ni mgeni mwenye adabu kuliko rafiki zangu wote.

Siku moja simu ikaita. Sakina.

"Kaka, samahani. Baba yuko huko? Kaaga anakwenda kumtembelea mgonjwa."

Mzee alikuwa katikati ya uwanja, juu ya matairi niliyoyapanga. Akaniangalia. Akatikisa kichwa, nisiseme.

Nilichoka, wakuu. Nilichoka na baba, nikachoka na binti. Nikasema, "Yupo. Njoo umuone."

Alikuja amewaka. Alifika getini mdomo uko wazi tayari kugomba. Mzee hakumwona, alikuwa anapanda tairi la mwisho, mie nakimbia pembeni mikono nimeinyoosha kama nafundisha mtoto kutembea.

Sakina akaufunga mdomo. Alipoona namshusha baba yake, mguu kwa mguu, akauliza taratibu, "Ni hivi kila wiki?"

"Kila wiki."

Akamwomba mke wangu kigoda, akakaa.

Sasa wanakuja wawili. Pikipiki ni yangu, kadi ina jina langu, na mwezi huu sijaiendesha.

Nilichojifunza: unapokwenda kukagua chombo cha zamani, mkague na mwenye nacho. Angalia kama yuko tayari kuachana nacho. Injini inatengenezeka.

Haya, tiririkeni. Mwenye kujua fundi wa kuchonga sahani za klachi anielekeze. Na mwenye kujua namna ya kumwambia mzee wa watu ashuke kwa sababu zamu yangu imefika, huyo aje inbox haraka.